Mguu wa Baba Ulioniachia

Mjomba,

Shikamoo. Najua siku hizi huitikii, lakini nikianza kuongea na wewe bila kukuamkia utanikata jicho huko huko uliko. Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza, wali uko jikoni, na nimekaa uani kwenye lile kreti la soda ulilolipindua ukalifanya kiti, ukavikataa viti vyangu vyote vya plastiki. Linaumiza makalio, nakwambia ukweli. Sijui ulikuwa unalipendea nini.

Nina habari nzuri itakayokuletea kile kikohozi chako cha kucheka. Lakini naanza na mbaya, maana wewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mbaya ni hii: nilimuumiza Baba. Mwezi wa pili baada ya kukuzika, kwa mikono yangu hii, kwenye beseni lako, nilimsugua mguu kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, na siku ya tatu akashikwa na homa nikajua nimemuua. Nataka ulisikie kwangu kabla mtu hajakuletea. Mtaa huu umezika wengi mwaka huu, na unawajua, hata huko hawataacha umbea.

Ngoja nianzie mwanzo, hata kama unaujua. Nikiruka nitajitetea.

Siku uliyokwenda kumleta Baba hukuniambia kitu. Uliaga tu kwamba unakwenda Masagati kumwona mtu, ukapanda treni mpaka Mlimba, ukapotea siku nne. Siku ya tano bajaji ikasimama mlangoni kwangu hapa Viwanja Sitini, ukashuka wewe, halafu ukamshusha Baba. Baba yangu, Mjomba! Mwanaume aliyemrudisha mama kwenu Mang'ula siku alipoanza kutoka damu isiyokatika, akasema yeye hana kazi na mwanamke mgonjwa. Hakuja kumwona hata mara moja. Tulimtumia ujumbe kwamba mama amefariki, hakuja hata kwenye matanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na wewe ulikuwa Dar, kwa hiyo aliyemuuguza mama mpaka mwisho ni mimi. Halafu wewe, ndugu yake mama, tumbo moja, ukanishushia huyo mtu mlangoni, mguu wa kushoto umevimba kwa matende umekuwa gogo, umezungushiwa kitenge, na harufu inafika kabla yake.

Nilikurushia maneno siku ile. Nikasema huyu haingii kwangu. Ukanijibu kwa upole wako wa kuudhi: "Sawa, haingii kwako. Anaingia kwangu." Ukamshika mkono ukampeleka kwenye chumba cha uani, chumba nilichokupa mimi mwenyewe. Nilishindwa hata kucheka.

Jioni ile ile, jua bado lipo, ukanieleza kwa nini umemfuata. Yule mwanamke aliyebaki naye kule Masagati alikuwa amekufa, majirani walikuwa wanamwachia chakula mlangoni na kukimbia, na yeye alikuwa akiomba kitu kimoja tu: mguu upungue aweze kutembea, aende Mang'ula kwenye kaburi la mama. Nikakwambia hatokanyaga pale nikiwa hai. Hukubishana. Ulisema tu, "Basi tuanze na mguu," ukaenda kuchota maji.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuchungulia? Najua uliniona. Nilikuwa najifanya napepeta mchele wa kupeleka sokoni, huku jicho lote liko kwenye beseni. Ulikuwa unakaa kwanza. Hapo ndipo uliponichosha. Maji yapo, sabuni ya mche ipo, mgonjwa amenyoosha mguu, na wewe umekaa kwenye kreti lako umefumba macho, mikono mapajani, humgusi. Nikajua umesinzia. Kumbe ndiyo ile kazi uliyofundishwa Dar.

Habari ya Dar ulinisimulia vipande vipande, kwa miaka, nami nilikuwa naisikiliza kwa sikio moja. Jinsi ulivyopata kibarua cha kufagia majani na kumwagilia maua kwenye hekalu la Wabuddha. Jinsi mtawa mmoja mzee aliyetoka Sri Lanka alivyokuwa na kidonda cha sukari mguuni, na vijana waliokuwa wakimfunga bandeji wakawa wanageuzia uso pembeni. Akawaambia waende, akakuita wewe mfagiaji. Ukaenda ukaziba pua vilevile. Yeye hakukasirika. Akakwambia ukae kwanza chini, uvute pumzi, uangalie umekuja na nini moyoni: ni kinyaa, ni haraka, ni woga, ni nia njema? Dawa ni ya daktari, alisema, na daktari aheshimiwe. Lakini mkono unaoibeba dawa unatumwa na moyo, na mwenye moyo uliovurugika mkono wake huwa unakaza, unavuta, unaruka sehemu. Mgonjwa naye hujikunja. Ulimhudumia mtawa huyo miaka mingapi, sita? Ulisema kidonda kilichukua mwaka kufunga, na chako kikachukua zaidi. Sikuelewa ulikuwa na kidonda gani. Sikuuliza pia.

Ila ilikuwa raha kukuona na Mama Debora. Mwenyekiti wa jumuiya anakuja na rozari mkononi, uso umekaza, amesikia wewe Longino umerudi na dini ya sanamu, unakaa chumbani unafumba macho. Ulimwambia, "Mama Debora, mimi ni Mkatoliki wa Mahenge, nimebatizwa sijaota meno. Wale hawakuniambia niamini kitu. Waliniambia nikae kimya nijione. Na nilivyojiona, nilikimbia kuungama siku hiyo hiyo." Alicheka akasahau alichokuja kukisema, akaondoka na sahani ya kambale wangu.

Na mimi ulinifanyia yako. Kila nikipita uani unaniuliza, "Leo umekuja na nani?" Nikijibu niko peke yangu, unasema, "Mwongo wewe. Umekuja na hasira, nimeiona imekutangulia mlangoni." Loo, nilikuchukia kwa hilo! Lakini zamani, mwanangu Anitha akiwa bado wa kubebwa, alipowaka homa, nimembeba nazunguka naye chumba kizima, ulimchukua mikononi mwangu ukanipeleka nje, ukasema mtoto anausikia mtetemeko wangu, nipumue kwanza ndipo tuende zahanati. Nilipumua. Akatulia nilipomshika tena. Hilo sikukushukuru, nakushukuru leo.

Ukamwosha Baba karibu mwaka. Harufu ikaisha. Mguu ukaanza kuonyesha kifundo. Na mimi, Mjomba, sasa nakwambia kitu ambacho sikumwambia hata padre mpaka mwezi uliopita: kila mguu ulipopungua, nilikuwa naogopa. Sikutaka upungue. Kwa vile nilijua siku ukipungua vya kutosha ataomba aende Mang'ula, na mimi nitatakiwa nijibu.

Halafu presha ikakuangusha. Jumatatu tulikukimbiza hospitali, Jumatano umeondoka. Nilikuwa nimekushika mkono nangoja uniambie neno, mimi, mpwa wako uliyenihesabu kama mtoto wako. Ukafungua macho ukasema, "Maji ya mzee yasiwe ya moto." Basi. Ndiyo maneno yako ya mwisho hapa duniani. Nilikulilia, nilikulilia sana, lakini nikisema nilikulilia bila hasira nitakuwa nadanganya.

Watani walifanya kazi yao, usijali. Mmoja alivaa shati lako la kijani, akakaa kwenye kreti katikati ya waombolezaji amekunja miguu, amefumba macho, hataki kuondoka mpaka apewe chai na andazi. Ukumbi mzima wa maturubai ukavunjika mbavu, na Baba, aliyekuwa amejificha pale nyuma na mguu wake, nikamwona anacheka huku machozi yanamtoka. Nikageuza uso.

Tulipoondoa tanga watu wakarudi kwao. Tukabaki mimi na yeye na beseni.

Wiki ya kwanza nilimwachia maji mlangoni ajioshe. Hafiki, Mjomba. Kiuno hakimruhusu kuinama mpaka vidoleni. Harufu ikaanza kurudi kidogo kidogo. Nesi wa kliniki ya matende akaja kumtazama, akanitazama na mimi, akasema katikati ya vidole pameanza kulowana na kuchanika, na wadudu wakipita hapo atashikwa na homa. Akauliza nani anamwosha. Nikaangalia pembeni. Basi nikaanza.

Na nilitaka kufanya sawasawa, nisikilize vizuri hapa. Nilikumbuka ulivyosema wale watawa wana utaratibu wa kutakia mema: unaanza na nafsi yako, halafu unayempenda, halafu mtu wa kawaida tu wa njiani, halafu aliyekuumiza. Nikajiambia, sasa mimi wa kujitakia mema nafsi yangu ili iweje? Sisi tumefundwa mwanamke hujiweka mwisho, akibaki na ukoko ashukuru. Nikaona hayo ya mwanzo ni ya watu wenye nafasi. Mgonjwa wangu ni yule wa nne, niende kwake moja kwa moja. Na unajua nilifanyaje? Niliifanya novena. Usinicheke! Siku tisa, kila siku rozari ya maneno yako mkononi: Baba awe salama, Baba awe na nafuu, Baba asiwe na uchungu, ushanga kwa ushanga, hamsini zinaisha, na baada ya hapo namwosha. Nikajipangia siku ya tisa hasira itakuwa imeondoka. Nilimwambia Mama Debora na yeye akaniunga mkono, akasema novena haijawahi kumwangusha.

Siku ya tisa ilifika. Nikamaliza shanga, nikachovya mikono, nikamwangalia Baba, na hasira ilikuwepo pale pale, imenenepa. Yaani siku tisa nimeilisha. Na yeye siku hiyo akasema neno, kwa sauti ndogo, hakujua litanichoma. Alisema, "Mama yako naye alikuwa na mikono ya baridi." Mjomba, sijui nini kilinipanda. Kitambaa laini kilikuwa begani, nikakiacha, nikachukua dodoki la kusugulia masufuria. Midomo yangu ilikuwa bado inasema awe salama, awe na nafuu. Mkono ulikuwa unasema mengine. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kitanda akatazama ukuta mpaka nikamaliza, kisha akasema asante.

Siku ya tatu mguu ukawa mwekundu, unawaka, anatetemeka meno yanagongana. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Nesi akakunja kitenge akaona michubuko, akaniuliza taratibu mguu umepatwa na nini. Nikasema nimesugua sana. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilikaa pale wodini mchana kutwa, dripu inadondoka, nambadilishia vitambaa vya maji baridi kama nesi alivyoelekeza. Sikuwa na shanga, nilizisahau nyumbani. Sikuwa na maneno pia. Kwa mara ya kwanza nikafanya ulichokuwa unafanya wewe, nikakaa tu nikajitazama, maana sikuwa na pa kukimbilia. Nikaona nilivyokuja. Nilikuwa nimekuja na msichana wa miaka kumi na minne, Mjomba. Amesimama kisimani Mang'ula na ndoo ya matambara yenye damu, anafua, hajala tangu jana, na anasikiliza barabarani kama kuna mwanaume anakuja. Kila nilipomwosha Baba ni yeye aliyekuwa anaosha. Mimi nilimlazimisha amtakie mema mtu yule siku tisa mfululizo, na hakuna aliyewahi kumtakia yeye hata siku moja. Ndiyo maana akachukua dodoki.

Basi nikaanzia pale ulipoanzia wewe. Nikasema, nikamtaja jina langu la utoto, Oti, uwe na nafuu. Oti, upumzike. Nililia pale wodini mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniletea uji akidhani mzee amekata roho. Baba alifungua macho akaniona nalia, akaomba maji. Nikampa. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Nikajua na kidonda chako pia siku ile. Ulikuwa Dar dada yako anakufa, unafagia majani ya watu. Ndiyo maana ulipojiona ulikimbia kuungama, na ndiyo maana ulikwenda Masagati. Ungeniambia, Mjomba. Tungelia pamoja, ingekuwa nafuu.

Alikaa hospitali siku sita. Tuliporudi nikatupa dodoki, nikakaa kwenye kreti. Sasa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi kabla sijaenda kwenye mashine ya mpunga. Nakaa kwanza. Naanza na Oti, halafu na Anitha, halafu na yule muuza mkaa nisiyemjua jina, halafu ndiyo yeye. Kuna siku simfikii. Nikifika kwa muuza mkaa naona bado nimekaza meno, namwambia tu Baba, "Leo nina hasira, subiri kidogo." Naye anasubiri, mguu uko hewani juu ya beseni, anatazama kuku. Siku moja alisubiri mpaka maji yakapoa tukayabadilisha. Akasema, "Usijali, mimi sina pa kwenda." Nikacheka mwenyewe bila kupanga. Hasira ikikaa ikatazamwa inachoka, hilo ulikuwa sahihi. Inarudi kesho, ila inarudi imepungua uzito, na mimi naijua kwa sura.

Na yeye naye amebadilika. Zamani nikimgusa anajikunja mguu mzima unakuwa mgumu, vidole vimebanana, siwezi kupitisha kitambaa. Siku hizi anauachia. Ndipo nikaelewa mambo ya nesi na mambo ya mtawa yanapokutana: vidole vikiachana vinakauka, vikikauka havichaniki, visipochanika homa haiingii. Hakuna uchawi. Tangu mvua zianze mpaka sasa tunavuna mpunga hajashikwa na homa hata mara moja. Nesi alikuja na utepe wake akapima, akapima tena, akaniuliza namfanyia nini. Nikamwambia namwosha kama ulivyosema, ila nakaa kwanza. Akaniambia nisije nikajidanganya, ugonjwa huu hauponi, unatulia tu. Nikasema hata mimi ni hivyo hivyo. Hakuelewa, akaandika kwenye daftari lake.

Sasa ile habari nzuri.

Mwezi uliopita Baba alitembea mwenyewe kutoka chumbani mpaka barabarani na kurudi. Akasimama mbele yangu. Tulijua wote wawili anauliza nini. Nilikwenda kukaa. Nilikaa sana siku hiyo, mchele ukanisubiri. Sikuona msamaha wowote mkubwa ukishuka, nakwambia kama ilivyo. Niliona tu kwamba sitaki tena mguu wake uendelee kuumwa kwa faida yangu. Nikarudi nikamwambia akamwone fundi viatu ampimie ndala za tairi, kubwa, ziachwe wazi mbele. Alielewa. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Tulikwenda Alhamisi. Kutoka barabarani pale Mang'ula mpaka kwenye kaburi unapajua, ni mpando, na migomba imejaa siku hizi. Alipumzika mara nne. Sikumharakisha, sikumsaidia mpaka aliponipa mkono mwenyewe. Tulipofika nilisogea pembeni nimwachie nafasi, nikijua sasa atalia, atapiga magoti, ataomba radhi kwa sauti, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hayo, nimekuja na jibu langu mfukoni.

Hakuomba radhi, Mjomba. Alisimama na fimbo yake akaangalia msalaba muda mrefu, halafu akaniuliza bila kugeuka, "Alikuwa anaumwa wapi?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwonyesha kwenye mwili wangu mwenyewe: hapa chini ya kitovu, halafu kiunoni, halafu mwishoni miguu yote miwili. Nikamwambia alivyokuwa anapenda maji ya kisima na siyo ya mtungi, alivyokuwa hataki nimfungie dirisha, alivyonifundisha kupika wali akiwa amelala, ananielekeza kwa harufu tu. Nilimwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jingine. "Na wewe, nani alikuwa anakupikia?"

Jibu langu la mfukoni halikuwa na kazi. Nililia pale kaburini, na yeye akalia, kila mtu upande wake, mpaka watu wa shamba la chini wakaja kuuliza kuna msiba gani. Nikawaambia wa zamani.

Usiniulize kama nimemsamehe, sijui bado. Najua tulipotelemka nilimshika mkono, na mkono wangu ulikuwa umelegea.

Mambo mengine, kwa kifupi, wali utaungua. Mama Debora amemleta mumewe. Kumbe na yeye ana mguu kama wa Baba, alikuwa anauficha ndani ya buti la mvua kiangazi na masika. Mama Debora anapiga ishara ya msalaba kwanza, ndipo anakaa kwenye kreti lako na kufumba macho, jicho moja anafungua kuangalia kama namwona. Amekuja na mwanamke mwingine wa mtaa wa pili, anayemuuguza mkwe wake. Mimi siwafundishi dini yoyote, na hata hiyo ya kwako siijui. Nawaonyesha kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, kukausha kati ya vidole, na wajue wamekuja na nani kabla hawajagusa. Wakiniuliza hiyo nimeitoa wapi, nawaambia kwa mfagiaji mmoja mkaidi. Anitha amefuatilia mambo yako ya Dar kwenye simu, anasema Wabuddha wana mambo mengi makubwa makubwa ambayo hukuwahi kutuambia. Nikamwambia Mjomba alijua la beseni, lilimtosha.

Pumzika sasa. Msalimie mama. Mwambie mtu wake alifika, alichelewa, lakini alifika kwa miguu yake na akauliza lililokuwa la kuuliza. Mwambie Oti anakula.

Ahadi yangu kwako ni hii, na nimeshawaambia wa nyumbani wasije wakashangaa. Nitamwosha Baba kila asubuhi mpaka siku atakapoondoka. Siku hiyo watu watakuja, watasema mwili wa mwanaume huoshwa na wanaume, nami sitabishana, ndiyo desturi yetu. Watamwosha wao, kichwa mpaka kiuno, na upande wa kulia wote. Mguu wa kushoto nitaomba waniachie mimi.

Mpwa wako,
Otilia